Chupa ya mitishamba ya karne ya 19: ni nini hasa kilichokuwa kikifanya kazi?

Picha za matangazo ya zamani ya dawa hazikauki mitandaoni. Bibi mwenye ukosi mweupe na uso wa upole anakutazama kutoka kwenye lebo ya mwaka 1880 na ushee, na chini yake pameandikwa kwamba chupa hii ya mimea huponya udhaifu wote wa wanawake. Nyingine ina mama, mtoto mchanga na kijiko cha sharubati. Anayeisambaza huongeza maneno yake: enzi hizo watu walijitibu kwa mizizi na majani matupu, kisha viwanda vikaja na kemikali zao. Anayempinga humjibu kwamba ule wote ulikuwa utapeli, maji ya sukari yaliyovalishwa lebo nzuri.

Wote wawili wanaisoma lebo. Kilichokuwamo chupani ni habari nyingine, na ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na maneno, maana vurugu huanzia hapo. Mitishamba ni mimea ya dawa yenyewe: jani, mzizi, gome au mbegu, iliyokaushwa, kusagwa au kuchemshwa. Biashara hiyo ilikuwepo kweli. Huko Marekani jumuiya za kidini za Washaker, hasa ile ya New Lebanon katika jimbo la New York, zililima mimea ya dawa, zikaikausha, zikaishindilia vipande kama matofali madogo na kuiuza kwa orodha yenye jina la kila mmea. Ukinunua mnanaa, umepata mnanaa.

Dawa ya siri ni kitu kingine. Huu ni mchanganyiko uliotengenezwa kwa wingi, ukatiwa chupani au kwenye kijisanduku, ukapewa jina la kuvutia na kuuzwa kwa yeyote bila kuelezwa kilichomo. Waingereza na Wamarekani waliziita dawa za hataza, na jina hilo limewapoteza wengi hadi leo. Hataza ni haki anayopewa mgunduzi kwa sharti kwamba aueleze ugunduzi wake wazi. Wenye dawa hizi wengi hawakutaka kueleza chochote. Walicholinda ni jina, umbo la chupa na picha ya lebo. Neno lenyewe lilitokana na hati za hisani ambazo wafalme wa Uingereza waliwapa baadhi ya wauzaji katika karne za nyuma. Hisani ilikwisha, jina likabaki.

Neno la tatu ni kiini cha dawa, yaani ile kemikali moja au chache ndani ya mmea zinazougusa mwili. Kahawa ina mamia ya kemikali, lakini inayokunyima usingizi ni kafeini. Iondoe, na kahawa itabaki na rangi yake na harufu yake, nawe utalala fofofo. Swali la kuiuliza kila chupa ya karne ile ni hilo: kafeini yake ilikuwa ipi? Aghalabu haikuwa ule mmea uliochorwa kwenye lebo.

Daktari wa kuogopwa

Kabla ya kuwacheka walionunua chupa hizi, tuangalie walikuwa wakimkimbia nani. Daktari msomi wa mwanzoni mwa karne ya 19 aliamini kwamba ugonjwa ni mvurugiko wa majimaji ya mwili, na kazi yake ni kuyatoa. Aliwakata wagonjwa mishipa wavuje damu, akawabandika ruba, akawatapisha, akawaharisha. Silaha yake kuu ilikuwa kalomeli, unga mweupe wa chumvi ya zebaki. Ukimezwa kwa wingi, mate hutiririka, ufizi huoza na meno hulegea. Wapo madaktari walioyachukulia mate hayo kuwa dalili kwamba dawa imeingia. George Washington alipougua koo Desemba 1799 alitolewa zaidi ya lita mbili za damu kwa siku moja, akapewa na kalomeli juu yake, na usiku ule akafariki.

Tabia hiyo haikufa haraka. Mei 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkuu wa tiba wa jeshi la Marekani, William Hammond, aliiondoa kalomeli kwenye orodha ya dawa za jeshi kwa sababu ilikuwa ikiwaharibu askari. Madaktari wenzake walimjia juu.

Kwa hiyo mtu aliyesema "nipe majani, usinipe zebaki" hakuwa mjinga. Mara nyingi alikuwa amepiga hesabu sahihi.

Aliyeifanya hesabu hiyo kuwa biashara kubwa ni Samuel Thomson, mtoto wa mkulima kutoka New Hampshire, aliyezaliwa mwaka 1769 na ambaye shule aliionja tu. Mama yake alifariki mikononi mwa madaktari, na Thomson hakuwasamehe kamwe. Alipokuwa mtoto mdogo mchungani aliutafuna mmea mmoja wa porini uitwao lobelia. Baadaye alikuwa akiwapa wavulana wenzake kwa mzaha, ili awatazame wakitapika. Ukubwani aliufanya mzaha ule kuwa tiba: lobelia ya kutapisha, pilipili kali ya kuupasha mwili moto, na mvuke wa kutoa jasho. Nadharia yake ilikuwa fupi kiasi cha kuingia mfukoni: ugonjwa ni baridi, uzima ni joto.

Thomson alipata hataza ya kweli mwaka 1813, akawa miongoni mwa wachache walioistahili ile sifa. Aliuza haki ya familia kuitumia tiba yake kwa dola 20, na mnunuzi aliambiwa kwamba sasa kila mtu atakuwa daktari wake mwenyewe. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji, baada ya kijana aliyemtibu kwa lobelia kufariki. Aliachiwa huru.

Nina huruma na Thomson, nakiri. Alikuwa sahihi kuhusu zebaki na kuhusu kutoa damu. Lakini tazama alichokiweka mahali pake: kutapisha na kutoa jasho. Alimpinga daktari huku akichukua wazo lake lile lile, kwamba tiba ni kuutoa uchafu nje. Tofauti ni kwamba jani lilipunguza madhara, nalo si jambo dogo.

Tuzifungue sasa

Chukua kwanza vidonge. Mwaka 1825 mfanyabiashara wa Uingereza, James Morison, alianza kuuza vidonge vyake vya mimea vya kutibu kila kitu. Alidai magonjwa yote yana chanzo kimoja, damu chafu, hivyo yana dawa moja. Alifungua jengo London akaliita Chuo cha Afya cha Uingereza. Jina zito kwa mahali pa kuuzia vidonge! Ndani ya vidonge hivyo mlikuwa na shubiri pamoja na gamboji, utomvu wa miti ya Asia ambao wachoraji huutumia kupata rangi ya njano. Vyote viwili ni mimea kweli. Vyote viwili pia ni haluli kali, yaani dawa za kuharisha, na Morison aliwashauri watu wasiogope kumeza vingi. Mwaka 1836 wakala wake mmoja alitiwa hatiani jijini London kwa kusababisha kifo cha mteja aliyevimeza, akatozwa faini ya pauni 200. Biashara haikusimama.

Vidonge vya Beecham, vilivyoanzia kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1840, vilikuwa vipole zaidi: shubiri, tangawizi na sabuni. Tangazo lake lilisema kijisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilichapisha uchunguzi wa dawa za siri na kuonyesha kwamba viambato vya kijisanduku cha vidonge 56, kilichouzwa shilingi moja na peni moja na nusu, viligharimu karibu nusu ya robo peni. Ukiigawa bei ile kwa gharama hiyo unapata mara mia na ushee.

Kwa nini haluli ilipendwa hivyo? Kwa sababu inaonekana. Dawa ya presha huwezi kuiona ikifanya kazi. Haluli utaiona kabla ya alfajiri. Mtu aliyekula mkate, nyama na mafuta bila mboga, akafunga choo siku nne, kichwa kikamuuma na tumbo likamjaa, alipata nafuu ya kweli. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kilichosafisha utumbo kimesafisha damu, ini na mapafu pia.

Sharubati za sasaparila nazo ziliuzwa kwa hoja hiyo ya damu chafu. Mzizi huo kutoka Amerika ya Kati ulikuwa na sifa ya zamani ya kutibu kaswende, na katika karne ya 19 kampuni za Ayer na Hood, zote za mji wa Lowell jimboni Massachusetts, ziliupeleka kila kona. Hautibu kaswende. Una ladha nzuri.

Kitu cha pili kilichojificha chupani ni kileo. Viini vingi vya mimea huyeyuka vizuri kwenye pombe kuliko kwenye maji, na pombe huzuia dawa isioze. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, ndiyo maana ilikuwa kificho kizuri. Lakini dawa chungu ya tumbo ya Hostetter, iliyotoka Pittsburgh na kunywewa kwa wingi na askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipopimwa mwanzoni mwa karne ya 20 ilitajwa kuwa na kileo cha asilimia 44. Peruna, dawa nyingine ya siri ya Marekani, ilitajwa kuwa na asilimia 28. Bia ya kawaida ina kama 5. Mwaka 1905 idara ya serikali ya Marekani iliyosimamia maeneo ya Wahindi Wekundu, ambako pombe ilikuwa marufuku, iliiongeza Peruna kwenye marufuku hiyo. Waliokwisha kuionja hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Yule bibi wa kwenye lebo ni Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, Massachusetts. Alikuwa akiwapikia majirani dawa hiyo jikoni kwake bila malipo, hadi mdororo wa uchumi wa mwaka 1873 ulipoifilisi familia. Mwaka 1875 wakaanza kuiuza, chupa kwa dola moja. Mapishi yake yanajulikana: uwatu, mzizi wa kohoshi nyeusi, na mizizi mingine mitatu ya porini huko Marekani. Na kileo kati ya asilimia 18 na 20. Pinkham mwenyewe alikuwa mfuasi wa kampeni ya kupinga ulevi, na sioni sababu ya kumwita mnafiki. Aliamini, kama wengi, kwamba pombe iliyomo kwenye dawa ni dawa.

Wateja wake wanastahili kueleweka pia. Katika enzi ambayo maumivu ya hedhi yaliweza kumfikisha mwanamke kwenye kisu cha kuondolewa ovari, chupa iliyosema "andika barua kwa Bibi Pinkham, hakuna mwanamume atakayeiona" ilikuwa kimbilio. Pengine barua ilisaidia kuliko mizizi. Kohoshi nyeusi inauzwa hadi leo kwa wanawake waliokoma hedhi, na tafiti kuhusu manufaa yake hazijakubaliana. Mzizi mwingine kati ya ile, wa jamii ya senesio, sasa unajulikana kuwa na sumu inayoharibu ini taratibu. Huu hapa mfano wa mmea halisi, wa asili, uliochimbwa kwa mkono na kupikwa na bibi mwenye nia njema.

Kijiko cha mtoto

Kitu cha tatu ni afyuni, utomvu wa tunda bichi la mpopi. Hapa ndipo hoja zote mbili za mitandaoni zinapoanguka kwa mpigo. Anayesema dawa zile zilikuwa maji matupu amekosea, kwa sababu afyuni inafanya kazi sana. Hutuliza maumivu, hukata kikohozi, hupunguza mwendo wa utumbo na hivyo kuzuia kuharisha, kisha hulaza. Orodhesha magonjwa ya kila siku ya karne ya 19, yaani kikohozi, kuharisha, jino, tumbo na kukosa usingizi, na afyuni inagusa dalili za yote. Anayesema zilikuwa salama kwa kuwa ni za mimea amekosea vibaya zaidi, kwa sababu afyuni ni mmea.

Huko Uingereza, dawa iitwayo Godfrey's Cordial, mchanganyiko wa afyuni na sukari guru uliotiwa viungo vya harufu, ilikuwa maarufu kwa wanawake wa viwandani na waliowalelea watoto. Nguvu yake ilitofautiana kati ya duka na duka. Mama aliyezoea vijiko viwili vya duka hili aliweza kumuua mwanawe kwa vijiko viwili vya duka lile. Wengine hawakufa kwa sumu. Mtoto aliyelala mchana kutwa halii njaa, na asiyelia hanyonyeshwi.

Marekani ilikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanza kuuzwa Bangor, Maine, mwaka 1849, kwa watoto wanaoota meno. Ilikuwa na karibu miligramu 65 za mofini, kiini cha afyuni, katika kila aunsi. Kijiko kimoja cha chai kilibeba basi kama miligramu 10, kiasi kinachoweza kumtuliza mtu mzima mwenye maumivu makali. Mama hakujua. Lebo ilimwonyesha mama mwenzake akitabasamu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 iliwataka wauza dawa waiandike afyuni kuwa sumu, lakini ikaziacha nje dawa za hataza. Palepale palipohitaji onyo ndipo paliporuhusiwa kimya.

Na pale mmea ulipoponya kweli?

Ilitokea, na ajabu ni kwamba aliyeuthibitisha ni yule anayelaumiwa, mkemia. Gome la mkwinini kutoka Amerika ya Kusini lilikuwa likitibu homa ya malaria tangu karne ya 17, lakini mnunuzi hakujua gome lipi lina nguvu na lipi limechanganywa na maganda ya mti mwingine. Mwaka 1820, jijini Paris, wakemia Pelletier na Caventou walikitenga kiini chake, kwinini. Mmea haukubadilika. Kilichopatikana ni kipimo: sasa mtu aliweza kupima kwenye mizani na kupata nguvu ile ile leo na kesho.

Daktari John Sappington wa Missouri alianza kuuza vidonge vya kwinini mwaka 1832, katika nchi ya mito na mbu ambako wenzake bado walikuwa wakiwatoa wagonjwa wa homa damu. Alitajirika navyo. Mwaka 1844 akafanya jambo ambalo kwa muuza vidonge wa wakati ule lilikuwa karibu uwendawazimu: alichapisha mapishi yake yote kwenye kitabu. Vidonge vya Livingstone, alivyovitumia kwa homa katika safari ya Zambezi, navyo vilikuwa na kwinini, ingawa pamoja na haluli mbili za mimea na ile kalomeli tuliyoiacha nyuma. Kimoja kati ya hivyo vinne kiliigusa malaria. Mgonjwa aliyepona alivishukuru vyote.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe, na mtu huikimbilia chupa siku anapoumwa zaidi, yaani siku ambayo baada yake huwa ni nafuu. Jogoo huwika na kukapambazuka kila siku, lakini ukimchinja kutakucha vilevile. Barua za shukrani zilizojaa kwenye matangazo huenda nyingi zilikuwa za kweli, zikiandikwa na watu waliopona kweli. Waliokufa hawakuandika.

Gome la mwerebi lina hadithi inayofanana. Salisini, kiini chake, ilitengwa Munich mwaka 1828, na kutokana na jamaa yake wa kikemia ikaja aspirini, iliyotengenezwa mwaka 1897. Watu husema aspirini hutolewa kwenye gome hilo. Sivyo. Ilitengenezwa kiwandani tangu mwanzo. Mwerebi uliwaonyesha njia tu. Sanamaki, kwa upande wake, haikuhitaji kuzaliwa upya: ilikuwa haluli wakati ule, na bado iko kwenye maduka ya dawa kama haluli. Haijawahi kusafisha damu.

Muhuri wa serikali na neno dogo kwenye lebo

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na dawa hizi zilitembezwa kwa kila njia. Kampuni ya Kickapoo, iliyoanzishwa na Wamarekani weupe wawili mwaka 1881, ilizunguka mijini na maonyesho ya Wahindi Wekundu wakicheza ngoma na kuuza dawa ya "mababu", ingawa wengi wa wachezaji hao hawakuwa wa kabila la Kickapoo. Uingereza nayo ilizitoza kodi dawa za siri tangu mwaka 1783 na kubandika stempu kwenye kila moja. Wanunuzi waliiona stempu wakadhani serikali imeipima dawa na kuithibitisha. Serikali ilikuwa imepima pesa yake tu.

Lydia Pinkham alifariki mwaka 1883. Matangazo yaliendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bibi Pinkham, na majibu yaliendelea kuja, hadi mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal lilipochapisha picha ya kaburi lake. Mwaka huo huo mwandishi Samuel Hopkins Adams alianza katika gazeti la Collier's mfululizo wa makala za kufichua yaliyokuwamo chupani. Juni 1906 Marekani ikapata sheria ya chakula safi na dawa.

Wengi hudhani sheria hiyo ilizipiga marufuku dawa za mitishamba, na hapo ndipo viwanda vikubwa viliposhika hatamu. Haikupiga marufuku hata moja. Haikupiga marufuku afyuni wala kileo. Hata uongo wa kwamba dawa inaponya kansa uliponyoka, kwani mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ilihusu uongo juu ya kilichomo, si juu ya kinachoponywa. Bunge likairekebisha mwaka uliofuata. Kumlazimisha mwenye dawa athibitishe kwamba ni salama kulisubiri mwaka 1938, na kwamba inafanya kazi, mwaka 1962.

Zaidi ya kukataza uongo juu ya kilichomo, sheria ya 1906 ilitaka jambo moja dogo: kama chupa ina afyuni, mofini, kokeini, kileo au vitu vingine vichache vilivyotajwa, iandikwe. Kuanzia Januari 1907 mama yuleyule, kwenye duka lilelile, aliishika sharubati ya mtoto na kusoma neno mofini. Na lebo ya Bibi Pinkham, chini ya uso uleule wa upole, ikakiri kuwa na asilimia 18 ya kileo, ikiharakisha kueleza kwamba kimetiwa kwa ajili ya kuyeyusha na kuhifadhi tu.